Mafundi, gari ikizima sailensi msifanye majaribio kwa pesa zetu!

Wakuu, leo nimechoka, acheni niseme. Hivi mafundi wetu hapa Dar nani kawaambia kwamba kupima gari maana yake ni kubadilisha kila kinachofunguka?

Gari ni Toyota IST ile ya zamani, injini 2NZ, cc 1298. Tatizo halikuwa la kificho. Mwendoni inatembea, mlima inapanda, ila ukisimama kwenye foleni, gia D, mguu kwenye breki, sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inashuka, inatetemeka, inazima. Ukiwasha AC ndiyo kabisa. Pale mataa ya Mwenge nimetukanwa na makonda wa daladala mpaka nikafunga vioo.

Nikaipeleka gereji moja (siitaji, wanajijua). Fundi hata boneti haijakaa sawa: "Bosi, hizo koili." Koili nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, 240,000. Gari ikazima getini. "Basi pampu ya mafuta, bosi." 150,000. Ikazima. Zikaja plagi, ikazima. Mwisho ndiyo wanakumbuka kuchomeka mashine ya kusoma kodi za makosa, inatoa P0171, jamaa ananigeukia bila hata aibu: "Mashine imesema oksijeni sensa."

Haikusema! P0171 ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, basi. Sababu yake ndiyo fundi analipwa aitafute.

Na anayejua kazi hata hiyo mashine asingeisubiri. Pampu iliyochoka inakuumbua mlimani na kwenye spidi, injini inapodai mafuta mengi. Haiwezi kukupandisha mlima Kitonga halafu ishindwe kulisha injini iliyosimama kwenye mataa! Koili nayo, kama unaishuku, chukua ya silinda ya kwanza peleka ya pili. Kosa likihama nayo kutoka P0301 kwenda P0302, umempata mchawi. Bure kabisa, spana moja tu.

Sailensi ni habari ya hewa, jamani. Ukiachia pedeli, kipepeo cha throto (mlango wa hewa ya injini) kinafunga, injini inabaki kupumua kwa kijinjia kidogo kinachosimamiwa na valvu ya sailensi. Kikiziba masizi, inazima. Au mpira umepasuka kati ya sensa ya hewa na injini, inaingia hewa ambayo kompyuta haikuihesabu, mafuta yanapungua, inazima. Ukikanyaga, hewa ya halali inakuwa nyingi, ile ya wizi haina tena maana. Ndiyo maana mwendoni gari nzima! Hata kwenye mashine inaonekana: kompyuta inaongeza mafuta sana ikiwa sailensi, ukipandisha mzunguko mpaka 2,500 kwa dakika nyongeza inashuka. Yule jamaa hakufungua hata ukurasa huo. Kasoma kodi, kachomoa waya, kadai elfu ishirini ya mashine.

Aliyeitibu ni kijana wa Tabata, hana hata kibao. Akaiacha inaunguruma, akainama, akasikia mluzi. Akaubana kwa koleo, jirani kabisa na manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), mpira mdogo unaotoka kwenye kava ya tapeti, mfuniko wa juu wa injini. Sailensi ikatulia hapohapo. Mpira umekakamaa, ufa uko upande wa chini, huuoni mpaka uukunje. 8,000. Akasugua na throto kwa dawa ya kabureta na mswaki mkuukuu, tambara likatoka jeusi tii. Sasa naweka D, AC juu, haitikisiki.

Kinachoniwasha zaidi ni koili zangu. Zilikuwa orijino, zilikuja na gari kutoka Japani, na zilikuwa nzima. Nimempigia anirudishie, anasema alishazitupa. Koili nne orijino, atupe wapi? Ziko kwenye IST ya mtu mwingine muda huu, na mtu huyo kauziwa.

Aliyewahi kudai spea zilizotolewa kwenye gari yake akazipata aniambie pa kuanzia, polisi au serikali ya mtaa? Risiti ninayo, na meseji yake ya kuniambia "bosi hizi zimekufa" ninayo pia.