Wanaoumizwa na dawa tutawajuaje kabla hawajaanguka?

karafuu_kavu: Asalaam alaykum wanajukwaa. Mie nipo dirisha la dawa kituo kimoja cha afya huku Pemba. Juzi kaletwa bi mkubwa kabebwa na wanawe, jasho linamchuruzika hajui hata yuko wapi, kumpima sukari 2.1, imeshuka mno. Kumbe anameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, miaka na siku hiyo kafunga sita ya Shawwal. Tukampa glukosi akarudi alhamdulillah, ila kufungua daftari lake roho ikaniuma, dawa ile nimempa mie kwa mkono wangu. Sasa wa namna hii tunawajuaje mapema? Kompyuta hatuna, ni rejista tu.

Bint_Wete: Pole. Mamangu yuko kwenye enalaprili na Lasix za presha, magoti yakimuuma anakwenda dukani kununua diklofenaki, wiki ya tatu mkojo ukapungua miguu ikavimba tukaambiwa figo. Na alikuwa anaulizwa kila mwezi "unatumia dawa nyengine?" anajibu hapana, maana kwake ile si dawa, ni cha maumivu tu 😔

dawa_na_dozi: Bint umegusa penyewe, muulize mtu "ukiumwa magoti unameza nini" atakwambia yote. Karafuu, usiwasubiri mlangoni, wafate humo humo kwenye rejista. Uingereza kuna utafiti wa PINCER ulitoka 2012, vituo 72 vya madaktari wa familia, mfamasia anasaka makosa machache tu ya hatari: aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo kapewa dawa ya maumivu kama diklofenaki bila ya dawa ya kulinda tumbo, mwenye pumu kapewa propranololi, dawa ya presha inayoweza kumbana pumzi, mzee wa miaka 75 na zaidi yuko kwenye enalaprili au Lasix hajapimwa figo zaidi ya mwaka. Halafu anakaa na madaktari wanarekebisha, na makosa yalipungua kweli. Wao walitumia kompyuta sawa, lakini wewe anza na kosa moja tu, glibenklamaidi kwa waliopita miaka 60, WHO, Shirika la Afya Duniani, wenyewe wanasema umri huo haiwafai.

pweza_mkavu: Mkiwakatia dawa sukari ikapanda je??

dawa_na_dozi: Nani kasema kukata yakhe, majina anapelekewa daktari, yeye ndo abadilishe.

karafuu_kavu: Nimekaa na rejista leo baada ya laasiri. Umri wengine wameandikwa "mtu mzima" basi, hao nimewakisia. Miezi miwili nimepata 11, mmoja jirani yangu mlango wa pili. Daktari nishampa majina, jirani nampitia mwenyewe magharibi.