Bamia nyumbani Mwanza: viroba au matuta?

Mama Nyegezi: Wakuu habari za jioni. Nina uwanja mdogo huku Nyegezi, na mnaoijua Mwanza mnaelewa nikisema nusu yake ni jiwe. Palipobaki ni kichanga. Nataka bamia za kula tu, tuko watu sita. Baba watoto anasema nipange viroba vya kilo 50 juu ya jiwe. Mama mkwe anasema bamia ni mmea wa ardhini, nitafute pa kuchimba tuta. Mwaka jana nilijaribu kwenye makopo ya rangi ya lita 4, mti ukafika magotini, ukatoa bamia tatu, ukanyauka.

Mzee wa Tuta: Sikiliza mama mkwe. Bamia ina mzizi mkuu unaoshuka chini kama msumari, ukigota kwenye kitako cha kopo mti unadumaa. Ndiyo hayo yaliyokupata. Mimi hapa Igoma nachimba futi moja na nusu, naweka samadi iliyooza vizuri. Mstari hadi mstari sentimita 60, shimo hadi shimo 30. Mbegu nazilowesha usiku kucha, natia mbili tatu kila shimo, zikiota nabakiza mche mmoja. Usisie kitaluni ukahamisha, haipendi kuguswa mzizi. Na maji: tuta lenye matandazo, yaani nyasi za kufunika udongo, linavumilia siku mbili. Kiroba mwezi wa nane kinataka asubuhi na jioni, bili itakusalimia.

Kiroba Tu: Mzee shikamoo. Sasa hilo tuta alichimbe wapi, kwenye jiwe? Mimi niko Bugarika, nina viroba kumi na viwili. Ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi, najaza mpaka robo tatu, miche miwili kila kiroba, natoboa matundu chini. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuviweka moja kwa moja juu ya mwamba. Saa nane mchana ukigusa kitako cha kiroba unarudisha mkono. Siku hizi naviinua kwa vipande vya mbao. Maji ni kweli, vinakunywa. Viroba vyenyewe jua huvichana, usitegemee vizeeke. Ila nilihama tuta kwa sababu moja: palikuwa na nyanya misimu mitatu, nilipong'oa bamia nikakuta mizizi ina vinundu kama karanga. Minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaoishi kwenye mizizi, nyanya ikiwemo. Udongo wa kiroba unamwaga, wa tuta utaupeleka wapi?

Mzee wa Tuta: Marahaba. Hapo kwenye nyanya umenishika.

Binti Pamba: Mnasahau kwamba bamia na pamba ni ukoo mmoja. Tazameni ua la bamia, njano na kitovu cha zambarau iliyoiva. Huku Misungwi ukipanda bamia pembeni ya shamba la pamba, wadudu wa pamba, kangambili na funza wa vitumba, wanajikaribisha. Nyegezi mjini hilo halikuhusu sana, wewe angalia vidukari chini ya majani, wakiwa wachache futa kwa maji ya sabuni. Mbegu chukua Clemson Spineless, ya Marekani tangu 1939, haiwashi kama za kienyeji na siyo chotara, kwa hiyo unaweza kujiwekea mbegu. Siku 60 hivi unaanza kuchuma. Vaa mikono mirefu hata hivyo.

Mvuvi Mstaafu: Dada, atatokea wa kukushauri ukalime ufukweni, maji bure. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Na kiboko akitoka majini usiku hasomi sheria wala hachagui mboga.

Mama Nyegezi: Asanteni sana. Naenda na viroba vinane, na nyuma ya jiko kuna kipande hakijawahi kuona nyanya, hapo mama mkwe atachimba tuta lake. Miche 16 ya viroba itatutosha?

Kiroba Tu: Ikishika kasi utachuma kila baada ya siku mbili, ukichanganya na nyanya chungu na dagaa inatosha. Chuma ikiwa urefu wa kidole. Ukiacha hata moja ikomae inakuwa kamba, na mti unapunguza kuzaa.

Mama Nyegezi: Nimetoka kazini nakuta mama mkwe ameshalowesha mbegu. Pakiti nzima.