Gereji wamekosea oili, sasa wanataka nisaini fomu

Kutoka: Nyamasaria, Kisumu

Ndugu zangu Watanzania wa huku, salaam. Naomba ushauri wa haraka.

Gari ni Fielder, injini 1NZ-FE, gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), namba za Kenya, logbook na KRA PIN kwa jina langu. Limefanyiwa sevisi gereji moja hapa mjini: oili 5W-30 dumu la lita 4, filta mpya, washa (ringi bapa) mpya ya bolti ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Risiti ya eTIMS, ile ya mfumo wa kodi wa Kenya, ninayo. Nilipopita Ahero kuelekea Awasi, taa nyekundu ya oili ikawaka na injini ikaanza kugonga. Nikazima hapohapo. Sasa liko kwenye ua wa gereji ileile. Kijiti cha oili kikavu, chini ya injini pote pameloa.

Meneja anasema watajaza oili na kufunga filta nyingine bure, ila kwanza nisaini fomu kwamba nimeridhika na sina dai lolote "sasa wala baadaye". Polisi wameniambia hayo ni madai, si jinai. KEBS, shirika la viwango la Kenya, wanasema wao wanashughulika na bidhaa, si kazi ya fundi. Nikisaini ili nitoe gari, nitakuwa nimejifunga? Na nisiposaini, wanaweza kulizuia?

Kutoka: Section 58, Nakuru

Kaka pole sana. Fomu iache kwanza, zuia mikono yao. Wasiwashe injini, wasijaze oili, wasifungue filta wewe haupo. Ushahidi wako wote uko kwenye vitu vitatu: filta iliyofungwa sasa, bolti ya sampu, na oili iliyobaki ndani. Ukiwaruhusu wakufanyie sevisi ya pili, vyote vitatu vinakwenda kwenye pipa la oili chafu na hutakuwa na la kumwonyesha mtu.

Dalili hizo ni za gasketi mbili. Filta ya zamani inapofunguliwa, ringi yake ya mpira mara nyingine hubaki imenata kwenye kiti cha injini. Fundi asipopapasa kiti kwa kidole na kukifuta kwa kitambaa, anafunga filta mpya juu yake, mpira juu ya mpira. Gari likiwa linanguruma taratibu halivuji, au linavuja tone tone. Ukilikimbiza barabarani, presha ya oili inapanda, ringi moja inateleza na kutoka nje ya kiti, na lita zote zinaruka nje kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana gereji huwa wanaapa kwamba gari lilitoka kwao likiwa kavu. Wanasema kweli, lilitoka kavu.

Piga picha ukingo wa filta kabla haijaguswa. Ukiona mpira mweusi umetokeza upande mmoja kama ulimi, hiyo ndiyo kesi yako.

Kutoka: Kondele, Kisumu

Section 58, unampa mtu hukumu ya gasketi mbili bila kuona gari. Bolti ya sampu inaleta hayohayo. Kwenye 1NZ bolti ile ni ya spana namba 14, inakazwa niutoni mita 38 hivi, yaani nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Vijana wengi wanaikaza kwa bomba refu mpaka uzi unachanika. Mwenzao anayefuata akikuta uzi umechanika anazungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, anafunga, ananyamaza. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, bolti inalegea kwa mtikisiko, inadondoka.

Kutofautisha ni rahisi. Kama bolti haipo, au inazunguka bila kukaza, ni bolti. Kama bolti iko imara lakini eneo la filta na juu yake pameloa kama pamepuliziwa, ni filta. Usitazame chini kabisa, kwa sababu upepo wa mwendo unasukuma oili nyuma hadi kwenye ekzosi na kila kitu kinaonekana kimeloa. Tafuta sehemu ya JUU kabisa yenye oili mbichi. Chanzo ni hapo.

Na kaka hujasema gari lilirudije Kisumu. Kama limevutwa kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, una tatizo la pili. Pampu ya CVT inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, gia boksi haipati oili huku magurudumu yanaizungusha.

Kutoka: Migori

Wanangu, hizo 5W-30 ni nyepesi mno kwa joto la kandokando ya ziwa. Gari kuukuu liwekeeni 20W-50, taa haitawaka.

Kutoka: Section 58, Nakuru

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, hapana. Taa imewaka kwa sababu oili imeisha. Kijiti ni kikavu, na hata ungeweka grisi ingewaka. Toyota wameandika 5W-30 au 10W-30 kwa 1NZ. Injini ile ina VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa vali kufunguka, unaosukumwa na oili ikipita kwenye kichujio kidogo cha waya na vijia vyembamba. Ukiweka 20W-50 asubuhi ya baridi hapa Nakuru, oili inachelewa kufika juu, na mnyororo wa taimingi unasikika ukipiga kelele kwa sekunde kadhaa. 10W-30 ni sawa kabisa kwa Kisumu. Tusiwape watu sababu ya kubishana na meneja juu ya unene wa oili wakati kosa ni la kufunga.

Tukiwa hapo kwenye kiasi: 1NZ inachukua lita 3.7 filta ikibadilishwa, 3.4 isipobadilishwa. Dumu ni lita 4. Kwa hiyo baada ya sevisi ya haki dumu linabaki na robo lita na kidogo, na unarudishiwa dumu lako. Fundi akimimina dumu lote, kijiti kinapita alama ya juu. Kiasi hicho hakiui injini, lakini ni dalili ya fundi asiyepima. Ikiwa kwenye risiti una filta na ndani hawakuibadilisha, zimezidi lita 0.6, na hapo unaanza kukaribia kiwango ambacho kranki, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, inaweza kupiga oili ikatoa povu. Povu halibebi mzigo wa beringi.

Kutoka: Lanet, Nakuru

Kaka wa Nyamasaria, hapa si nyumbani. Huku hakuna FCC, tume ya ushindani ya Tanzania. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inapokea malalamiko ya walaji, lakini kwa hasara ya gari moja njia fupi ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, kikomo ni shilingi milioni 1 za Kenya, na inahusu mikataba ya bidhaa na huduma pamoja na uharibifu wa mali. Shauri linatakiwa liishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Wakili si lazima. Kisumu ipo, Nakuru ipo. Msingi wa dai ni Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya, haki ya mlaji kupata huduma ya kiwango kinachofaa na fidia ya hasara, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya 2012.

Kabla ya kufungua, andika barua ya madai: tarehe ya sevisi, namba ya risiti, namba ya gari, kilichotokea, unachodai, na siku unazowapa wajibu. Wapelekee wagonge muhuri kwenye nakala yako. Wakikataa kugonga, tuma pia kwa barua pepe na WhatsApp ili ibaki na tarehe.

Na fundi wa pili akague kwa maandishi. AA ya Kenya, chama cha wenye magari, wanafanya ukaguzi wa magari. Neno la rafiki yako wa Kondele halitatosha mbele ya mwamuzi.

Kutoka: Kondele, Kisumu

Sikusema neno langu litoshe, dada. Nimemwambia atazame wapi.

Na KEBS wasipuuzwe moja kwa moja. Ikiwa dumu lina alama yao, atume namba ya alama hiyo kwa ujumbe kwenda 20023, watamjibu kama ni halali. Filta bandia pia zipo, nazo zinapasuka mshono. Akikuta kopo la filta limevimba au limechanika, hilo ni suala la bidhaa na KEBS hawana pa kukimbilia.

Kutoka: Migori

Shida kubwa ni kwamba Jumuiya ni moja na sheria ni mbili. Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia. Sisi tunaruhusu na kutoza ushuru wa uchakavu. Mtu akihama Mwanza kuja Kisumu na gari lake halali kabisa, anaambiwa ni chakavu. Ningependa wabunge wetu wa Afrika Mashariki walishughulikie hili, kuliko kutusomea hotuba Arusha.

Kutoka: Milimani, Kisumu

Mzee umesema kweli, na usafiri wenyewe umetutenga. MV Victoria iliungwa hapahapa Kisumu ikaanza kazi 1961, ikizunguka Kisumu, Mwanza, Bukoba. Mtu alipanda na mizigo yake jioni, asubuhi yuko kwao. Leo ni basi mpaka Isebania, ugonge muhuri, uvuke Sirari, usafiri tena. Nikisimama Dunga nikatazama maji, najua upande ule wa kusini kuna watu wanaanika dagaa mwaloni Kirumba, na sina chombo cha kunifikisha. Inaniuma sana jamani.

Kutoka: Lanet, Nakuru

Naomba meli ifunguliwe mada yake. Ndugu yetu ana gari kwenye ua wa watu.

Kutoka: Nyamasaria, Kisumu

Ahsanteni. Kujibu: lilibebwa juu ya lori, halikuvutwa, kwa hiyo gia boksi naamini iko salama. Bolti ya sampu ipo na imekaza. Nimepata ruhusa filta ifunguliwe mbele yangu na mbele ya fundi wa nje, na nimepiga video mfululizo bila kukata. Kwenye kiti kulikuwa na ringi ya mpira iliyokauka, ngumu kama plastiki, imenata nusu duara. Nusu nyingine imekunjika kuelekea nje. Filta mpya ina ringi yake kamili. Gasketi mbili.

Meneja ameona. Bado anasema nisaini.

Kutoka: Section 58, Nakuru

Basi sasa twende kwenye injini, kwa sababu ringi inaonyesha kosa lakini haionyeshi hasara. Wao watasema "tumeweka oili, imewaka, haigongi, kwaheri." Msikubali iwashwe kabla ya haya:

Oili iliyobaki ndani ya sampu iteremshwe kwenye karai safi. Jaza chupa kavu kwa oili ya katikati ya mtiririko, si ile ya kwanza inayobeba uchafu wa kwenye bolti. Ziba, andika tarehe, wote watatu muweke sahihi juu ya lebo.

Filta iliyofungwa ikatwe kopo lake kwa kikata-kopo cha filta au msumeno wa chuma, lakini ukitumia msumeno lazima chembe za msumeno zitajichanganya, kwa hiyo kikata-kopo ni bora zaidi. Toa karatasi, ikamue, itandaze juani juu ya kitambaa cheupe. Pitisha sumaku. Chembe zinazorukia sumaku ni chuma. Zinazobaki ziking'aa kijivu au rangi ya shaba ni za beringi za kranki na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki). Hizo ndizo hulika kwanza oili ikikatika, kwa sababu kranki haigusi beringi inapokuwa na oili. Inaelea juu ya utando mwembamba. Utando ukiondoka, chuma kinakaa juu ya chuma laini na joto linafanya mengine.

Mkikuta karatasi safi, injini huenda ilinusurika kwa sababu ulizima mapema. Hapo ndipo ijazwe lita 3.7 na filta mpya, fundi apake oili kwenye ringi, akaze kwa mkono robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa kiti. Kisha toeni swichi ya presha ya oili na mfunge geji mahali pake. Iwashwe, ipate moto kamili, na msome presha ikinguruma taratibu, halafu kwenye mizunguko 3,000. Andikeni namba zote mbili na mlinganishe na kitabu cha injini. Kuzimika kwa taa peke yake hakutoshi, kwa kuwa swichi ile inazima taa hata presha ikiwa ndogo mno kwa injini yenye mzigo wa kupanda Kericho.

Mkikuta shaba, sampu ifunguliwe na kofia za konrodi zitazamwe. Hapo dai lako linakuwa la beringi au la injini nzima, siyo la oili.

Kutoka: Lanet, Nakuru

Kuhusu fomu: wengine huandika kwa mkono pembeni ya sahihi, "nimepokea gari tu, sijaacha dai langu," wakaipiga picha. Kama bili ya sevisi ilikwisha lipwa, sioni wanalizuia gari kwa deni gani.

Kutoka: Kondele, Kisumu

Dada, meneja mwenye akili hataikubali fomu iliyoandikwa pembeni. Atamchapia nyingine. Na kama kuna gharama ya lori waliyolipa wao, watasema ndiyo deni. Kaka, lori alilipa nani?

Kutoka: Milimani, Kisumu

Mwenye kikata-kopo cha filta hapa Kisumu anijulishe, niko tayari kukifuata popote na kumpelekea ndugu yetu kesho asubuhi. Wasikate kwa msumeno.