Nimeandikiwa fizio ya nyonga baada ya kujifungua. Huko ndani wanafanya nini hasa?

MwalimuWaChaki
Habari zenu wana jukwaa. Naomba ushauri kwa wanaojua. Wale wa mizaha, leo naomba mpite kimya kimya.

Nina watoto watatu, wa mwisho ana miezi minane. Wote nimejifungua kawaida, ila huyu wa mwisho alikuja na kilo 4.2, nikaongezewa njia, nikashonwa. Tangu hapo nikipiga chafya mkojo unanitoka. Si mwingi, labda kijiko, lakini kwenye sketi unaonekana. Nafundisha darasa la pili, watoto tisini na vumbi la chaki, sasa hebu hesabuni chafya zangu kwa siku. Pedi navaa mwezi mzima kama mtu asiyetoka kwenye siku zake. Maji nimeacha kunywa tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Nikijitwisha ndoo, unatoka. Nikisali, nikiinuka kutoka kwenye sijida, wasiwasi wa udhu unaniingia, narudi kutawadha. Swala moja naweza kuianza mara tatu.

Mama mkwe anasema ndiyo uzazi huo, hata wao walipitia. Nikanyamaza. Juzi nimempeleka mtoto kliniki nikajikaza nikamwambia nesi. Nikapelekwa kwa daktari, mkojo ukapimwa, maambukizi hakuna. Akaandika karatasi: fizio, misuli ya sakafu ya nyonga. Mimi nilijua fizio ni ya waliovunjika miguu na wagonjwa wa kiharusi!

Je, ni kweli wanaingiza vidole? Na nikikuta ni mwanaume? Mume wangu hajasema hapana, lakini uso wake niliuona. Na inasaidia kweli au nitamaliza nauli bure?

Somo_wa_Pwani
Shoga, fizio ya nini yote hiyo? Shabu kidogo kwenye maji ya vuguvugu, jioshe nayo wiki moja, unarudi kama mwari. Ninayo nzuri, njoo faragha.

MamaPacha_Moro
Somo, hiyo biashara yako peleka kwingine. Shabu inakausha na kuchubua huko ndani, mtu anapata vidonda na maambukizi. Misuli iliyovutika haikazwi kwa kukaushwa ngozi, ni vitu viwili tofauti.

Mwalimu, mimi nimepita hapo. Nilizaa pacha, nikawa siwezi hata kuruka kamba na wanangu. Nikuhadithie siku ya kwanza ilivyokuwa, maana mimi nusura nigeuzie getini.

Kwanza ni mazungumzo, karibu nusu saa. Unavuja wakati gani, unaamka mara ngapi usiku, choo kikubwa kinapatikana vipi, unakunywa nini, ulizaa vipi, tendo la ndoa lina maumivu au la. Hayo ya mwisho aliyauliza kwa sauti ile ile aliyoulizia chai, nikajikuta najibu. Akaniangalia ninavyosimama na ninavyopumua, akanilaza akapima tumbo juu ya kitovu kwa vidole, kuona misuli imeachana kiasi gani.

Kipimo cha ndani kipo, ndiyo. Alinieleza kila hatua kabla, akauliza kama niko tayari, akasema nikikataa tutaendelea kwa njia nyingine na hatanuna. Pazia, shuka, glavu, kidole kimoja. Hakuna lile dude la chuma la kupimia kizazi. Akaniambia, "Bana kama unazuia upepo usitoke mbele za wakwe." Nikabana kwa nguvu zangu zote. Akasema, "Mama, hapo umekaza makalio na umeshika pumzi. Ile misuli yenyewe haijasogea, tena umesukuma chini." Miezi sita nilikuwa nafanya mazoezi ya mtandaoni, kumbe najisukumia nje!

Huyo fizio wangu alikuwa dada. Wewe ukikuta kaka na hupendi, sema mapema pale mapokezi, au omba nesi wa kike akae nawe ndani. Haki yako, hakuna wa kukushangaa.

MwalimuWaChaki
Dada umenichekesha, na nilipocheka… mnajua wenyewe. Sasa nikikataa vidole wanajuaje kama nabana sawa?

Fizio_wa_Wodini
Ngoja nijibu hilo, ndiyo kazi yangu.

Tunaweza kuangalia kwa nje: ukibana vizuri, eneo kati ya njia mbili linavutwa ndani na kupanda juu kidogo. Wengine nawapa kioo kidogo wajiangalie wenyewe nyumbani. Penye mashine ya altrasaundi tunaiweka juu ya tumbo na unaona kibofu kikiinuliwa kwenye kioo cha mashine. Kidole kinatupa zaidi, kwa sababu kinapima nguvu (tunaipa alama kutoka 0 mpaka 5), kinapima unaweza kushikilia sekunde ngapi, na kinaonyesha kama upande mmoja umelegea kuliko mwingine au kuna kovu la nyuzi linalouma. Lakini bila ridhaa yako hakuna kidole.

Hiyo misuli ifikirie kama wavu wa kitanda cha kamba, umetandazwa kutoka mfupa wa mbele mpaka mkia. Juu yake kimelala kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho. Mimba imeukalia miezi tisa, kisha kichwa cha mtoto wa kilo 4.2 kimepita katikati yake. Kamba zimelegea. Ukipiga chafya, tumbo linasukuma chini ghafla, wavu unachelewa kukaza, mkojo unatangulia.

Mazoezi yake wengi wameyasikia kwa jina la Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaandikia mwaka 1948. Kinachosahaulika ni kwamba hata yeye hakuwaambia wanawake "nendeni mkabane" tu. Alitengeneza kifaa cha kuingiza ndani kinachopima mbano, mama akaona mshale unavyopanda. Tangu mwanzo suala lilikuwa kwanza kuipata misuli yenyewe. Ndiyo maana nasema video haitoshi.

Kwa kawaida naanza hivi. Lala chali, magoti juu. Vuta ndani na juu, kuanzia nyuma kuja mbele, huku unapumua na unaweza kuhesabu kwa sauti. Kama unaweza sekunde nne, ni nne, kisha unaachia kabisa na kupumzika muda ule ule au zaidi. Mara nane mpaka kumi. Halafu mibano ya haraka haraka kumi, bana achia. Mara tatu kwa siku. Taratibu tunapanda mpaka sekunde kumi, kisha unafanya umekaa, umesimama, mwisho unabeba mzigo. Kuachia ni nusu ya zoezi, msikimbilie kubana tu.

Lipo jingine dogo ambalo kwako Mwalimu ni dhahabu: chafya ikikuwasha puani, bana kwanza, ndipo upige. Vivyo hivyo kabla ya kukohoa na kabla ya kunyanyua ndoo. Wapo wanaopata nafuu kwa hilo mapema kabla misuli haijapata nguvu yenyewe.

Na rudi kwenye maji. Mkojo ukiwa mzito unakikera kibofu na choo kinakuwa kigumu, ukisukuma chooni unaharibu tulichojenga. Punguza chai ya rangi na kahawa, maji usipunguze. Wala usizoee kukata mkojo katikati ukiwa chooni kama zoezi, kibofu kinajifunza kutomaliza.

Muda wake? Miezi mitatu kwa uchache. Wengi huanza kuona mabadiliko wiki ya sita au ya nane. Anayeacha wiki ya tatu huja kusema fizio haifanyi kazi.

Kimya_Kingi
Naomba niongeze upande ambao hausemwi. Mimi sikuwa navuja, nilikuwa naumia. Tendo la ndoa lilikuwa kama kisu, hata kukojoa naanza kwa shida. Rafiki akaniambia fanya Kegel, nikafanya kwa bidii, maumivu yakazidi. Nilipofika kwa fizio akasema misuli yangu haijalegea, imekakamaa, haijui kuachia. Nikakatazwa kubana kabisa. Nilifundishwa kupumua mpaka chini tumboni, kuchuchumaa taratibu, akanipapasa kwa ndani sehemu zilizokaza mpaka zikalegea, kisha nikawa nafanya mwenyewe nyumbani. Ilichukua miezi mitano. Kwa hiyo mtu asikimbilie kubana kabla hajapimwa.

Mzee_wa_Kibaraza
Samahanini wanangu, nimeingia uzi wa kina mama. Nimefanyiwa upasuaji wa tezi dume mwaka jana kwa sababu ya saratani, mpira wa mkojo ulipotolewa nikawa navuja kama bomba bovu. Nikapelekwa fizio. Hata wanaume tunayo hiyo misuli! Aliniambia, "Baba, jaribu kama unavuta uume ndani na kunyanyua korodani." Niliona aibu, nikafanya. Wiki za kwanza nabadilisha nepi tano kwa siku, sasa navaa kitambaa nikisafiri tu. Mwalimu, mwonyeshe mumeo ujumbe huu.

BiMkubwa_Mkunga
Nimezalisha miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mama mkwe wako hakudanganyi kuwa ni jambo la wengi, ila wengi kuwa nalo si kusema halitibiki. Sisi tulilivumilia kwa kuwa hakuna aliyetuuliza.

Kuhusu kukanda na kufunga tumbo: joto la maji linaliwaza, sikatai. Lakini kanga ikikazwa mpaka mtu hapumui, msukumo unakwenda wapi kama si chini? Funga kwa kiasi. Na arobaini yenyewe ilikuwa na maana yake, mzazi habebi ndoo ya lita ishirini. Siku hizi mnafua wiki ya pili.

Sasa nisikilizeni vizuri. Anayevuja mfululizo, mchana na usiku, bila kukohoa wala kucheka, hasa baada ya uchungu uliokaa siku nyingi, huyo aangaliwe fistula. Hilo ni tundu kati ya njia ya mkojo na uke, halizibwi kwa mazoezi. Linashonwa, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanalitibu bure. Anayehisi kitu kinashuka ukeni aseme pia, kizazi kinaweza kuwa kimeshuka. Hapo fizio inasaidia kikiwa hakijashuka sana, au unavalishwa pete ya kukishikilia. Damu kwenye mkojo, nenda ukapimwe. Na ganzi ya ghafla huko chini pamoja na mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujijua, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, si ya kesho.

Mtanga_Lyon
Niko Ufaransa mwaka wa saba. Huku mzazi akishatimiza wiki kama sita anaandikiwa vipindi vya misuli hii, kwa kawaida kumi, na bima ya taifa inalipa. Mkunga ndiye aliyenifanyia. Mashine yao ina waya, unaona mchoro ukipanda kwenye skrini unapobana, kama mchezo wa simu. Nilipomsimulia mama akauliza, "Na sisi tuliowazaa saba bila mashine?" Nikamuuliza anaamka mara ngapi usiku. Kimya.

Somo_wa_Pwani
Haya, nimenyamaza. Ila hiyo ya kubana kabla ya chafya nimeijaribu hapa nilipo.

MwalimuWaChaki
Narudi na mrejesho baada ya wiki tisa, maana wengine wanauliza na kupotea.

Nilikwenda na mume wangu. Fizio alikuwa kaka kijana. Nikaomba mwanamke, nikaambiwa nirudi Alhamisi, nikarudi. Nilikubali kipimo cha ndani. Hakikuuma, ila kovu la nyuzi lilivuta kidogo. Alama nilipata 2. Mwalimu mzima napata 2 kati ya 5!

Nilipewa daftari la siku tatu niandike kila ninachokunywa na kila ninapokwenda chooni. Ikaonekana naenda chooni mara kumi na moja kwa siku, "nikojoe tu nisije nikaaibika". Kumbe kibofu nimekizoesha kudai kikiwa hakijajaa. Sasa ikinijia ile haraka nakaa, nabana mara tano upesi, inapita, nangoja robo saa. Nimefika mara saba.

Mazoezi nimeyafunga kwenye ratiba: nikinyonyesha alfajiri, watoto wakinakili ubaoni, na nikilala. Juma la nne nilitaka kuacha, sikuona kitu. Juma la saba nikapiga chafya mbili mfululizo mbele ya darasa, nikasimama kusikilizia. Hakuna kitu. Chafya ya tatu sikuiwahi, hiyo ilitoka na tone. Chupa ya maji imerudi mezani. Kwa udhu nilimuuliza ustadhi wa mtaa wetu kupitia kwa mkewe, akanipa hukumu ya mwenye udhuru, nikatulia.

Kipimo cha jana: 3. Narudi mwezi ujao, ameniambia nije na ndoo yangu, tutajifunza kuinyanyua.

MamaPacha_Moro
Ndoo tupu au yenye maji?

MwalimuWaChaki
Ya lita kumi, tena nusu. Ile ya ishirini kasema bado ni ya baba watoto.