Mrejesho: injini iliyotetemeka kwenye magneto ya kushoto

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu ndege yangu ya injini moja, silinda nne, iliyotetemeka na kupoteza mizunguko mingi kila nilipoijaribu kwa magneto ya kushoto peke yake (magneto ni kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi; injini inazo mbili), nikiwa nimekwama uwanja wa ugenini usio na karakana.

Nilianza na ushauri wa kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa na kupandisha injini hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika, ili kuunguza mabaki ya madini ya risasi yatokanayo na mafuta ya ndege kwenye plagi. Ilitulia kidogo, kisha ikarudia yale yale. Uliyenisihi nisiruke ati kwa kuwa magneto zote mbili zikiwashwa inanguruma vizuri, Mungu akubariki sana.

Kilichosaidia ni kutafuta silinda baridi, yaani ile isiyowaka. Injini ikiwa imepoa, unaiwasha, unaiendesha muda mfupi kwa magneto yenye shida tu, unazima, halafu unalinganisha joto la mabomba ya moshi bila kuyagusa kwa mkono mtupu. La silinda ya tatu lilikuwa limepoa kabisa! Klabu ya marubani ya jirani ilinitafutia fundi mwenye leseni. Akafungua plagi inayotumia magneto ile, akakuta kauri imepasuka. Akaweka mpya, akajaribu injini, akaandika kwenye daftari la ndege. Nimefika nyumbani salama.

Mtetemo mdogo bado upo injini ikiwa baridi. Magneto yenyewe inakaribia ukaguzi wa saa 500, kwa hiyo inafunguliwa sasa. Asanteni sana.