Ceram: nichukue toleo la 1951, la 1967, au kile cha Wahiti?

KitabuMkononi
Wakuu, mwezi huu nina uwezo wa kununua kitabu kimoja tu cha C. W. Ceram, yule Mjerumani aliyeandika simulizi za akiolojia. Nimeona nakala mbili za Gods, Graves and Scholars, ya 1951 na ya 1967, na pia The Secret of the Hittites, kuhusu Wahiti, watu wa kale wa nchi ambayo leo ni Uturuki. Bei zinakaribiana. Nichukue kipi?

Mfukuaji
Hujasema unasoma lugha gani, jalada ni gumu au laini, wala kama unataka simulizi au kitu cha kufundishia. Kama Kijerumani kinapanda, achana na tafsiri. Tafuta Götter, Gräber und Gelehrte, ndicho Gods, Graves and Scholars chenyewe, cha wachapishaji Rowohlt, kilichotoka 1949. Jina lake dogo ni "riwaya ya akiolojia", na hilo ndilo linalokueleza ni kitabu cha namna gani.

Bint Hamisi
Kwa Kiingereza, 1967 bila kusita. Ile ya 1951 ilipitwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1952 Ventris alitangaza kwamba Linear B, maandishi ya kale ya Krete na Ugiriki, ni Kigiriki, Knorozov akachapisha hoja yake kuhusu namna ya kusoma maandishi ya Wamaya, na mwanaakiolojia Ruz akafungua kaburi lililo chini ya hekalu la Palenque, Meksiko. Toleo la kwanza haliwezi kuwa na lolote kati ya hayo. Lile la pili lilipitiwa upya na kuongezwa, na Sophie Wilkins akaungana na Garside, mtafsiri wa toleo la kwanza, katika kutafsiri.

Mfukuaji
Ila angalia unacholetewa. Muuzaji akiandika "1967", mara nyingi ni mwaka wa uchapaji wa nakala ile, maandishi ya ndani ni yaleyale ya 1951. Jalada halikusaidii hapo, hata picha mpya iliyowekwa mbele haithibitishi kitu. Mwombe akupigie picha kurasa mbili: ule wa jina la kitabu na ule wa haki za kunakili nyuma yake. Ukiona Garside peke yake, hilo ni la zamani. Ukiona na Wilkins, ndilo. Na kama ni jalada laini la miaka ile, uliza habari za mgongo. Gundi hukauka, ukikifungua wazi kabisa kinapasuka katikati na kurasa zinaanza kutoka moja moja. Kifungue nusu tu, usikilaze kifudifudi.

Mzee wa Maktaba
Vijana, mnambana kwa matoleo wakati kitabu bora cha Ceram ni cha Wahiti. Kile cha kwanza kinakusanya kazi za wengine: Winckelmann, Schliemann, Champollion, Layard, Carter. Cha Wahiti, kilichotoka kwa Kijerumani 1955, kinashika fumbo moja na kulifuata hadi mwisho. Msomeni anapomfikia Hrozný, mtaalamu wa lugha aliyefumbua Kihiti, mwaka 1915. Sentensi ina alama ya "mkate" ya maandishi ya kabari, yale yaliyochorwa kwenye udongo, ambayo ilikuwa ikijulikana tayari. Karibu yake kuna neno *watar*. Akalinganisha na Wasser ya Kijerumani, akapata maji. *Ezzatteni* ikamkumbusha essen, kula. Sentensi nzima ikawa: mtakula mkate na mtakunywa maji. Hapo ikajulikana kuwa Kihiti ni jamaa wa lugha za Ulaya. Anayefundisha lugha atapata somo zima kwenye sentensi hiyo moja.

Bint Hamisi
Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu Hrozný, lakini anayeanza atachoka na majina ya wafalme wa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti. Kile kikubwa, Gods, Graves and Scholars, kimegawanywa: Sanamu, Piramidi, Minara, Ngazi. Na Ceram mwenyewe kwenye utangulizi anashauri usianze ukurasa wa kwanza, uanze na Misri. Fuata ushauri huo.

Mfukuaji
Sehemu ya Troy isome kwa tahadhari. Simulizi ya Schliemann, aliyeuchimba mji huo, na mkewe Sophia kukusanya dhahabu kwenye shali ni tamu, lakini Sophia alikuwa Athens hazina ilipopatikana 1873. Gharika ambayo Woolley alidai kuipata kule Ur, mji wa kale wa Iraki, nayo ilikuwa mafuriko ya mahali pale tu.

KaskaziPwani
Hakuna anayemtaja Marek? Ceram ni jina lake halisi, Marek, lililogeuzwa, K ikawa C. Kurt Marek alikuwa kwenye kikosi cha propaganda cha jeshi la Hitler, na 1941 alitoa kitabu kuhusu vita vya Narvik, Norwe. Jina jipya lilifunika jina lililokuwa na doa.

Mzee wa Maktaba
Marhaba mwanangu Bint Hamisi. KaskaziPwani, ni kweli, na lisifichwe. Lakini huyohuyo ndiye aliyesaidia shajara ya mwanamke wa Berlin asiyejulikana kuchapishwa Marekani 1954, akaiandikia utangulizi.

KaskaziPwani
Hilo halifuti lile, mzee. Mimi kinachoniuma zaidi ni kwamba mwanaakiolojia Kirkman alianza kuchimba Gedi, mji wa kale wa pwani ya Kenya, 1948, mwaka mmoja kabla ya kitabu, na katika zile sehemu nne Afrika ni Misri tu. Kilwa na jumba lake la Husuni Kubwa bado vinasubiri mtu wa kuviandika hivyo, kwa Kiswahili.

Bint Hamisi
Fungua uzi wa hilo, nitakuja na orodha ya ripoti za Chittick, aliyechimba Kilwa.

KitabuMkononi
Asanteni. Nasoma Kiingereza, ni cha kusomea nyumbani. Muuzaji ametuma picha ya ukurasa wa jina: kuna Garside tu, ila chini imeandikwa 1967. Ya nyuma yake bado hajatuma.