Unga wa mahamri na mkate: mkono, mashine, au kuulaza tu usiku?

Chapa_Mahamri: Wadau, salaam. Kila Jumamosi nakanda kilo 2, mahamri na mkate wa Jumapili. Viganja vimechoka. Mume asema ninunue mashine. Jirani asema usikande kabisa, changanya ulaze mpaka asubuhi. Nani kajaribu zote?

BiTui: Shoga, mahamri usiyatie mashineni. Yangu iko kabatini na vumbi lake. Mahamri nakandia tui la uvuguvugu, na tui halifanani: leo zito, kesho jepesi. Mkono ndio unaokwambia uache kumimina. Mimi dakika 12, mpaka donge liachane na sinia.

Mpika_Mikate_Dar: Bi Tui, kwa mahamri sikupingi. Mkate ni kesi nyingine, mashine yanisaidia sana. Ubaya wake ni joto: unga ukisuguliwa unapata moto, na kwa joto hili la Dar hamira inakimbia, mkate unaumuka upesi halafu hauna ladha. Natia maji ya friji, spidi ndogo, dakika 8 basi. Na usiiache peke yake! Yangu ilitembea na donge zito hadi ukingoni mwa meza nikiwa kwenye simu.

Sufuria_Nzito: Kulaza kunafanya kazi. Unga gramu 400, maji gramu 300, chumvi kijiko cha chai, hamira robo kijiko cha chai. Koroga kwa mwiko, funika. Ile gluteni inayofanya unga uvutike hujiunga yenyewe ikipata maji na muda. Kukanda ni kuiharakisha tu. Vitabu husema saa 12 hadi 18, lakini kwangu Mombasa saa 8 zatosha, zikizidi unga unanuka pombe. Unakuwa teketeke, kwa hiyo oka ndani ya sufuria nzito yenye mfuniko, iwe imeshapata moto. Kwa mahamri sahau, hausukumiki.

Chapa_Mahamri: Basi mkate nitaulaza. Na viganja vyangu kwenye mahamri je?

BiTui: Wewe ukishachanganya waanza kukanda papo hapo, sivyo? Funika kwanza nusu saa. Ukirudi utaukuta umelainika wenyewe, kazi inabaki nusu. Halafu usikande kwa vidole. Sukuma kwa kitako cha kiganja, uzito utoke begani. Bibi yangu alikuwa akikalia kibao cha mbuzi, sinia chini mbele yake, anaulalia unga mwili mzima. Meza zetu hizi ndefu ndizo zinazotuumiza.

Pwani_Kidogo: Na chapati jamani? Mbona mmezisahau?

Mpika_Mikate_Dar: Chapati mkono, na maji ya moto. Fungua uzi wake, huo ugomvi hauishi leo.

Chapa_Mahamri: Nimerudi. Nimepumzisha unga nusu saa, nimekaa chini kama bibi. Dakika 6 tu! Mahamri yamefura, ndani tupu kama inavyotakiwa. Mume kala saba, na bado anauliza bei za mashine.